Sweta Lisilokauka

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliokalia matofali, nje ya duka la dobi, kinyozi akiwa kushoto na studio ya picha kulia. Kamba ya nguo imefungwa kutoka dirisha la kinyozi hadi nondo ya studio, ikipita nyuma ya migongo ya wanaokaa, kwa hiyo mtu akiegemea vibaya hupigwa kofi na shuka la mtu asiyemjua. Pembeni Mama Birika ana jiko lake la mkaa, mabirika mawili, vikombe kumi na viwili visivyo na mikono, na ndoo ya kusuuzia. Siku hiyo alasiri ilikuwa bado, jua limeganda juu ya vichwa, na wenye benchi lao walikuwa wameshakaa wote: Wembe, ambaye ndiye kinyozi, Kamera, anayepiga na kuhariri video za harusi, Waziri, karani mstaafu ambaye hajawahi kuwa waziri wa chochote ila ana majibu ya wizara zote, na Dobi mwenyewe, ambaye kahawa yake ilikuwa imepoa mkononi bila kuguswa.

Sababu ya kahawa kupoa ilikuwa inaning'inia nyuma yake. Suruali mbili nzito, mashati manne, soksi jozi sita na sweta la sufu la kijivu. Zilikuwa nguo za mdogo wake, fundi wa mafriji, ambaye mtaa mzima unamwita Friji. Dobi husoma nguo kama wengine wanavyosoma gazeti. Akiletewa suti anajua kuna usaili. Akiletewa mashuka mengi anajua wageni wameondoka. Na mtu anayeshinda na kandambili mwaka mzima akileta soksi jozi sita, pamoja na sweta, katika mji ambao baridi haijawahi kuufikia, dobi hahitaji kuambiwa kwamba kuna safari. Friji alizileta jana. Hakukaa. Hakusema anakwenda wapi.

— Kaka, nimekutumia video, alisema akiwa ameshageuka kuondoka. Itazame yote. Kesho alasiri nikifuata nguo utaniambia uko upande gani.

Ilikuwa wiki ya tatu Friji hajakaa kwenye benchi. Alikuwa haswali tena nyuma ya imamu wa mtaa. Na juzi alikuwa amesema kwamba marehemu baba yao, aliyeadhini katika msikiti huohuo miaka thelathini, alikufa katika upotevu. Dobi alikuwa anapiga pasi aliposikia maneno hayo, na mpaka leo kuna kanzu ya mteja yenye alama ya pasi mgongoni.

Basi saa sita mchana, alipoona nguo zimeanza kukauka, Dobi alichukua chupa yake ya kunyunyizia, akatazama huku na huku, akalirashia sweta maji. Alijisikia mwizi. Miaka ishirini na miwili kazini hajawahi kumchelewesha mteja kwa makusudi. Lakini pale dukani utaratibu unajulikana: nguo ikiwa mbichi, mwenye nguo anakaa kungoja. Na Dobi alichotaka ni mdogo wake akae. Basi. Akae tu.

— Haya, lete hiyo simu, alisema Kamera. Umeishika kama yai.

Dobi akaitoa. Vichwa vinne vikakutana juu ya kioo chenye ufa, na Mama Birika akachungulia kwa nyuma, kibanio cha mkaa mkononi. Kwanza giza. Kisha sauti za wanaume wakiimba bila ala. Kisha machweo mekundu, na farasi mweusi akikimbia juu ya kilima.

— "Wewe uliyekaa kibarazani ukinywa kahawa," ilisema sauti, nzito, yenye mwangwi, "wakati ndugu zako wanateketea!"

Wembe alitua kikombe chini haraka.

— Jamani, ametuona.

— Amekuona wewe, alisema Mama Birika. Okota kikombe changu.

— Hapana, nisikilizeni. Amejuaje ni kahawa? Angesema chai ningemwelewa.

— Mitambo, alisema Waziri, akikunja nne. Kuna mitambo inapita juu huko. Kahawa ikipoa inatoa mvuke wa namna yake. Mitambo inausoma. Nani hapa kahawa yake imepoa?

Wote wakamtazama Dobi. Dobi akanywa kahawa yote kwa mkupuo mmoja, baridi vilevile.

— Acheni mambo yenu, alisema Kamera. Hakuna mtambo wala nini. Anamwambia kila aliyekaa, na nani duniani hajakaa? Na mwangwi huu hata mimi ninao. Naubonyeza bwana harusi akiingia ukumbini. Uondoe hapo, utasikia bwana mmoja ana sauti ya kuuza vocha.

Kwenye kioo alitokea mtu mwenye bunduki begani. Alisema ana miezi saba porini, hajavua viatu, hajalala kitandani, na hajawahi kuwa na raha kama hiyo.

— Simamisha, alisema Dobi. Rudisha kidogo. Hapo. Tazameni shati.

— Lina nini?

— Mikunjo miwili ya wima, huu na huu. Mmoja wa kulala, tumboni. Na kola imesimama wima yenyewe. Hilo ni shati la pakiti. Kadibodi imetolewa humo asubuhi ileile.

— Labda porini kuna dobi, alisema Wembe.

— Dobi gani anakunja hivyo! Dobi alikasirika kweli. Hata nikiwa na homa sikunji hivyo!

Wembe akasema anakwenda kuangalia kama umeme umerudi kibandani kwake. Akapita nyuma ya kamba, akakawia kidogo, akarudi anajifuta mikono kwenye koti lake jeupe.

— Umerudi?

— Nini?

— Umeme.

— Aa. Bado.

Video ikaendelea. Sasa sauti ilikuwa inataja watu waliotoka katika dini. Ilikuwa orodha ndefu, na msomaji alikuwa hana haraka.

— Anayenyoa ndevu, ilisema.

— Kwaheri, Wembe, alisema Kamera.

— Anayepiga picha za viumbe.

— Tuonane huko nje, alisema Wembe.

Aliyepiga kura alitoka. Anayekula pensheni ya serikali alitoka, na Waziri akauliza kama ametolewa pamoja na malimbikizo. Anayewahudumia askari alitoka. Dobi alitazama kamba ya pili, ya mlangoni mwa duka lake, ambako sare nne za polisi zilikuwa zinakauka. Mwanamke anayekaa baina ya wanaume alitoka.

— Mimi nimesimama, alisema Mama Birika.

— "Na anayetilia shaka kwamba hao wametoka," ilimalizia sauti, "naye ametoka!"

— Ngoja, alisema Wembe. Mimi nimetilia shaka sasa hivi. Ina maana nimetoka mara mbili?

— Ukitoka mara mbili unakuwa umeingia, alisema Waziri. Hesabu hiyo. Hasi kwa hasi.

— Sasa amebaki nani ndani?

Wakahesabu. Imamu wa mtaa alinyolewa na Wembe kila Alhamisi, masharubu tu, lakini alimpa Wembe riziki. Nje. Muadhini alipigwa picha kwenye harusi ya binti yake. Nje. Mtaa mzima uliisha kabla vidole havijaisha.

— Limebaki jiko, alisema Mama Birika.

Wakacheka, na Dobi naye alicheka, akajishangaa. Tangu jana orodha hiyo ilikuwa imekaa kifuani mwake kama jiwe, yeye peke yake na simu yake. Kumbe ikisomwa mbele ya watu watano inakuwa na uzito mwingine.

Waziri akasema kahawa yake ina machicha, akainuka kuyamwaga. Angeweza kuyamwaga pale miguuni. Alizunguka benchi lote.

Hapo sauti ikasoma aya. Ilisoma vizuri, kwa mahadhi, na wote wakatulia kwa adabu. Kisha ikakata. Mama Birika, aliyekuwa anamimina kahawa, hakukata. Aliendelea polepole kwa Kiarabu chake cha utotoni, bila kuondoa macho kwenye birika, mpaka mwisho wa maneno.

— Mbona amekata pumzi hapo? aliuliza. Hapo si pa kupumzika. Inayofuata ndiyo inayotaja suluhu. Mwalimu wangu, ukikata hapo, alikuwa anakuanzisha sura upya.

— Pumzi imemwishia, alisema Wembe.

— Pumzi ya kututoa sote katika dini alikuwa nayo.

Akachukua ndoo ya kusuuzia, akasema maji yamechafuka, akaenda nayo nyuma.

Kamera alikuwa hasikilizi tena. Alikuwa amerudisha video mwanzo, ameisogeza puani.

— Huyu farasi namjua, alisema.

— Unamjua vipi?

— Namjua kama ninavyokujua wewe. Tazama mguu wa nyuma wa kushoto, una soksi nyeupe. Tazama anavyotupa kichwa mara mbili kabla ya jua kuzama. Huyu nimemtumia kwenye harusi saba.

— Friji aliniambia huyu ni farasi wa amiri wao, alisema Dobi. Ana jina. Aliniambia eti hageuki nyuma hata apigwe risasi.

— Jina lake ni faili namba arobaini na moja. Nilinunua kifurushi mtandaoni: machweo kumi, njiwa, moyo unaodunda, na farasi. Kila mwenye kadi ya benki anaweza kumnunua.

Akatoa simu yake mwenyewe, akapekua, akaiweka magotini. Muziki wa taarabu ukalia. Machweo yaleyale. Farasi yuleyule, kichwa mara mbili. Kisha maandishi ya dhahabu: ndoa ya Wembe na mkewe.

— Harusi yangu! alisema Wembe.

— Sasa nimeelewa mchezo wote, alisema Waziri, akashusha mguu. Harusi ndizo ofisi zao za kusajili. Kila bwana harusi aliyefunguliwa video na farasi huyu ameshaandikwa. Mnadhani mnakula pilau, kumbe mnakula kiapo. Wembe, wewe una cheo huko, hujaarifiwa tu. Utakuwa kamanda.

— Kamanda gani anafokewa kwa sababu ya chumvi?

— Ndiyo siri yenyewe. Mkeo ana cheo cha juu zaidi.

Benchi lilitikisika kwa kicheko mpaka tofali moja likahama. Waziri, alipoona amepata watu, akaongeza kwamba farasi mwenyewe si farasi, ni watu wawili, na wa nyuma amewahi kufanya kazi naye idara ya ardhi.

Dobi peke yake aliacha kucheka.

— Msimwambie, alisema.

— Tusimwambie nani?

— Friji. Habari za farasi. Akija msimcheke. Mkimcheka ataondoka. Namjua tangu anatambaa. Anaweza kuwa haamini tena hata kidogo, akaondoka kwa sababu ya kicheko tu.

Ndipo likawa limetamkwa, neno la kuondoka. Hakuna aliyeuliza anaondoka kwenda wapi. Waziri alikitazama kikombe chake.

— Na yule mtoto si faili, alisema Mama Birika.

Walijua anayemsema. Katikati ya video, baina ya farasi na orodha, kulikuwa na mtoto ametolewa chini ya kifusi, mweupe kwa vumbi, mguu mmoja una soksi na mwingine hauna. Walipofika hapo hakuna aliyekuwa amesema kitu.

— Farasi amenunuliwa, shati limenunuliwa. Mtoto ni wa kweli. Mimi nimelia hapa nikasingizia moshi. Sasa unadhani mdogo wako alifanyaje, yule aliyekesha na friji la chanjo la zahanati, siku mbili, bila malipo, kwa kuwa alisikia watoto watakosa sindano? Hao watu hawakumpata kwa ubaya wake, baba. Wamempitia kwenye huruma.

— Na wanamwandikia kila siku, alisema Dobi kwa sauti ndogo. Nimeona kwenye simu yake. Wanamwita ndugu. Asubuhi wanamuuliza, umelala vipi. Jioni wanamuuliza, umekula?

Akajaribu kukumbuka mara ya mwisho yeye kumuuliza Friji kama amekula, asiipate. Tangu baba yao afe alikuwa amemuuliza mambo mengi: mbona umechelewa, mbona hujarudisha ngazi, mbona huoi.

Kamera akasema anatafuta mtandao, akainuka na chupa yake ya maji ya kunywa. Aliporudi chupa ilikuwa tupu, na simu hakuwa ameichukua.

Adhana ya alasiri haikuwa mbali Friji alipotokea kona ya juu. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya kubeba majokofu peke yake, ndevu za wiki tatu zikiwa bado hazijakubaliana, na mkoba mtupu begani. Hakusalimu. Alisimama hatua mbili kutoka kwenye benchi, kama mtu aliye ukingoni mwa dimbwi.

— Karibu, mwanangu, alisema Mama Birika.

Midomo yake ilitaka kuitikia. Akaizuia.

— Kaka, umeitazama?

— Nimeitazama yote.

— Uko upande gani?

Tangu jana Dobi alikuwa ametayarisha majibu. Alikuwa na jibu kuhusu baba yao, lililopangwa vizuri, na jingine kuhusu imamu. Alifungua mdomo, likatoka lisilokuwemo.

— Umekula?

Friji alimtazama kama aliyepigwa na shuka.

— Sijala, alisema baadaye. Nguo zangu ziko wapi?

— Bado mbichi. Kaa.

— Sikai.

Wakati huo simu ya Kamera, iliyokuwa imelazwa kwenye ubao ikiendelea kwa sauti ndogo, ilimaliza harusi ya Wembe na, kwa tabia yake, ikaianza upya. Taarabu ikalia. Kamera alipapasa kuizima, akaongeza sauti. Friji aligeuza kichwa kabla ya kujikumbuka. Ule ulikuwa wimbo wake. Yeye ndiye aliyekuwa mpambe wa Wembe siku hiyo. Akainama kuangalia.

Machweo. Farasi. Kichwa mara mbili. Soksi nyeupe mguu wa kushoto. Maandishi ya dhahabu. Kisha Friji mwenyewe, kwenye suti ya kuazima, akimfuta jasho bwana harusi huku akicheka meno yote nje.

Hakuna aliyecheka. Wembe alikuwa anasoma kucha zake. Waziri alifungua mdomo, na Mama Birika akampelekea kikombe cha moto mpaka midomoni, ikabidi anywe.

— Rudisha, alisema Friji.

Kamera akarudisha. Farasi akakimbia tena kwenda harusini.

Friji alinyooka. Uso wake haukusema kitu ambacho Dobi angeweza kukisoma. Akalizunguka benchi, akaenda kwenye kamba, na Dobi akamfuata kwa haraka, kwa kuwa kwa hesabu zake nguo zingekuwa zimeshakauka. Alirashia sweta peke yake, saa sita, mara moja, maji kidogo tu.

Zilikuwa zinachuruzika. Chini yake kulikuwa na tope. Suruali zilikuwa nzito kama zimetolewa kwenye beseni sasa hivi. Soksi moja ilikuwa imejazwa maji mpaka ikavimba kama kiriba, na katika kola ya sweta, lililokuwa limerefuka mpaka magotini kwa uzito, kulikuwa na machicha ya kahawa.

Friji aliuvuta mkono mmoja wa sweta puani. Kahawa. Akauvuta wa pili. Spiriti ya kinyozi.

Aligeuka kuwatazama. Wote walikuwa wamegeukia mbele, migongo minne imenyooka kama wanafunzi wenye kosa. Koti la Wembe lilikuwa na alama za viganja vyenye maji. Mama Birika alikuwa anasuuza kikombe kimoja kwa bidii ndani ya ndoo isiyo na tone.

— Jua lote hili, alisema Friji. Tangu asubuhi. Mbona nguo zangu hazijakauka?

Swali lilikuwa dogo. Waziri, mwenye majibu ya wizara zote, alipekua akilini mwake mitambo, mvuke na idara ya ardhi, akakosa. Kamera alizima simu. Wembe alikohoa, kikohozi hakikuleta neno. Dobi alisimama na chupa ya kunyunyizia iliyokuwa bado mfukoni mwa aproni, shingo yake ikichungulia nje, na ndiyo kwanza anajua kwamba si yeye peke yake aliyezimwagia maji.

Friji alisubiri jibu. Alimtazama mmoja, akamtazama wa pili. Kisha akakaa, mwisho kabisa wa ubao, nusu tako, kama mtu anayeondoka baada ya dakika. Dobi akakaa karibu naye, akasogea ili mdogo wake apate nafasi nzuri. Mama Birika akampa kahawa na andazi, bila kumuuliza.

Akala. Alikuwa na njaa ya siku mbili.

— Kesho zitakauka? aliuliza, mdomo umejaa.

Wembe aliinua macho kwenye anga. Hapakuwa na kitu huko juu, toka pembe hii mpaka pembe ile, ila jua peke yake.

— Kesho kuna mawingu, alisema.

Friji naye aliangalia juu. Mabega yake yakaanza kutikisika. Dobi hakujua kama ni kicheko au ni kile kingine, na hakugeuka kuhakikisha. Alihisi tu ubao mzima ukitikisika pamoja naye, na hilo lilimtosha.

— Mazito, alisema Waziri. Wiki nzima.